Nani anisindikize leba?

SWALI: Shikamooni. Nina mimba ya kwanza ya miezi saba. Rafiki yangu wa Dar es Salaam amelipa dula wa kukaa naye wakati wa uchungu. Huku kwetu sijawasikia. Mama mkwe anataka kunisindikiza, ila ana dawa yake ya kuharakisha uchungu. Je, anaweza kuifanya kazi ya dula?
Msomaji, Kasulu, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanetu. Anaweza, mradi umemtaka wewe mwenyewe na dawa ibaki nyumbani.

Dula si mkunga. Hapimi njia, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, hachomi sindano. Anakaa na mzazi tangu uchungu ukolee mpaka mtoto anyonye, bila kumwacha. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumlisha tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kuwa mzazi asiyeachwa peke yake huwa na uchungu mfupi kidogo na hupasuliwa mara chache zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kila mzazi awe na msindikizaji aliyemchagua.

Sasa hiyo dawa. Mitishamba ya uchungu haina kipimo. Mfuko wa uzazi ukikaza mfululizo bila kupumzika, damu iendayo kwa mtoto hubanwa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Mkunga asiyejua umekunywa nini anaweza kukuwekea dripu ya uchungu juu yake. Tunajua kumkatalia mama mkwe ni kazi ngumu. Nenda naye kliniki safari ijayo, mkunga amweleze. Siku hiyohiyo ulizeni kama kituo kinaruhusu msindikizaji ndani. Pale leba ilipo chumba kimoja kisicho na mapazia, wanaume mara nyingi huzuiwa, mwanamke hupita.

Akiwa ndani, mikono yake ina kazi. Uchungu ukija, aweke kitako cha kiganja kwenye mfupa wa chini ya kiuno, akandamize kwa nguvu unayoitaka wewe, aachie ukiisha. Katikati akupe mafunda ya uji mwepesi au chai ya sukari, kama mkunga hajakataza, na akukumbushe kukojoa kila baada ya saa 2 hivi, kwani kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka. Tembea, egemea ukuta, au lala ubavu. Ukilala chali, mimba hulalia mishipa mikubwa ya damu na mtoto hupungukiwa hewa.

Wengi hukosea kwenye kusukuma. Shangazi na wifi hupiga kelele “sukuma!” njia ikiwa bado. Mzazi huchoka bure, na mlango wa uzazi huweza kuvimba. Msindikizaji asubiri kauli ya mkunga, na asikandamize tumbo hata kidogo.

Mtoto akizaliwa wote humkimbilia yeye. Msindikizaji abaki na mama. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa 1. Damu ikilowesha kitambaa upesi, au mama akisema anaona kizunguzungu, aite mkunga palepale.

SWALI: Tuko kijiji cha mwambao, kituo tunakifikia kwa boti. Msindikizaji aanze lini kazi?
Baba mtarajiwa, Uvinza, Kigoma

JIBU: Kwenu anaanza kabla ya uchungu, maana upepo wa ziwa haungoji mtu. Mama na msindikizaji wahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki 2 au 3 kabla ya tarehe, na mapema zaidi kama aliwahi kupasuliwa au ana mapacha. Wabebe kadi ya kliniki, kanga safi na nauli ya rufaa. Akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, waende kituoni saa hiyohiyo, uchungu uwepo usiwepo.