Wanafunzi 200, darubini sita

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utawaingizaje wanafunzi 200 wa baiolojia, mwaka wa kwanza, kwenye utafiti ilhali maabara ina darubini sita. Usingoje maabara. Mimi huwagawa watanowatano, kila kundi na dimbwi lake karibu na hosteli: wachote maji kwa upawa, wahesabu viluwiluwi vya mbu, waandike tarehe na kama pana kivuli. Vya Anopheles, mbu waenezao malaria, hulala sambamba na uso wa maji; vya Culex, jamii nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini. Macho matupu yanatosha. Wiki ya tatu hesabu hugongana, na somo la sampuli linaingia lenyewe. Alama nyingi wape wanaoeleza kwa nini hesabu zao zilipishana, la sivyo watapika takwimu. Mimi walishanipikia.