Kabla ya kulitupa daftari

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka akiba hapa Busia, upande wa Uganda. Tuko 28, wengi ni akina mama wa sokoni, na hukutana kila Jumatano jioni. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake.

Mwaka juzi niliwashawishi wenzangu tuache daftari, hesabu ziingie kwenye simu. Daftari lilikuwa limelowa mvua mara mbili, na kujumlisha kwa mkono kulituweka hadi giza linaingia. Wote walikubali, tena kwa makofi. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tatu aliyezoea kununua hisa tano, yaani mafungu matano ya akiba, akawa ananunua moja. Mwezi wa tano tulikaa kikao watu 11, na moyoni nilishawahukumu waliobaki nyumbani: hawataki maendeleo.

Nikamfuata mama mmoja muuza dagaa kwenye meza yake. Aliendelea kupanga mafungu yake huku akinijibu taratibu: “Mwanangu, zamani ulisoma jina langu na pesa yangu, watu wote wakasikia. Siku hizi unabonyeza tu. Nitajuaje kama umeniandika?”

Maneno yale yaliniuma, maana alikuwa na haki. Mimi niliona daftari ni mahali pa kuandikia hesabu. Kwa yeye, ile sauti ya kusoma ndiyo iliyokuwa risiti, na wale wenzake 27 ndio mashahidi. Nilipoleta simu niliwaondoa mashahidi wote bila kujua, halafu nikashangaa watu wameficha pesa zao.

Tangu siku hiyo, likija wazo la kubadilisha jambo lolote, swali langu la kwanza ni moja: hili la zamani linamfanyia nani kazi gani? Ubaya wake kila mtu anaujua, ndiyo maana tunataka kulibadilisha. Kazi yake ndiyo hatuioni, na kazi hiyo isipopata wa kuifanya, la zamani litarudi.

Tazama kaveera, mfuko wetu wa plastiki. Serikali ilitangaza kuupiga marufuku ule mwembamba tangu 2007, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia katazo hilo. Lakini ingia sokoni leo utaukuta kila meza. Mama anayetaka mafuta ya kupikia ya shilingi 500 hana chupa mkononi. Anafungiwa kwenye kaveera kadogo, kanapigwa fundo, anakwenda kupika. Nani kati ya waliokataza alimwonyesha mama huyu chombo gani cha kubebea mafuta yake?

Vuka mpaka, mwendo wa dakika chache, uingie Busia ya Kenya. Wao walipiga marufuku Agosti 2017, na adhabu yake ni nzito: faini hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo hadi miaka 4. Wengi huku kwetu husema wenzetu waliacha kwa woga tu. Woga upo, lakini woga haubebi nyanya. Ilikuja mifuko mingine ya kubebea, na wanunuzi wakazoea kutoka na mifuko yao nyumbani. Pale ambapo mbadala ni ghali au haupo, kaveera bado huvuka kutoka kwetu kwa njia za panya, pamoja na ukali wote wa sheria.

Nimeyaona hayo hata kwenye ofisi niliyowahi kufanyia kazi. Mradi mmoja ulituletea fomu mpya, tukafanyiwa semina ya siku mbili, lakini mkubwa aliendelea kusaini malipo kwa fomu ya zamani. Tukawa tunajaza zote mbili. Mradi ulipoisha, mpya ikaishia kabatini.

Na mwilini mwangu pia. Daktari aliniambia nipunguze sukari, nikaacha chai ya saa nne mara tatu na mara tatu nikashindwa. Nilipotulia nikagundua kwamba ile chai ndiyo nafasi yangu pekee ya kuketi tangu alfajiri. Sasa naketi saa ileile, kikombe kilekile, chai ya tangawizi bila sukari. Usijipe wiki mbili ukakata tamaa: Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakaona kwa wastani ilichukua siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18, wengine wakakadiriwa kuhitaji hata 254. Mimi nilivuka mwezi wa tatu ndipo nikaacha kuitafuta sukari kwa macho.

Kwenye kikundi, simu ilibaki. Ila kila Jumatano nasimama na kusoma: jina, hisa, deni. Aliyesomwa anaitikia “ndiyo” kwa sauti, kisha nahifadhi. Tunachelewa dakika 20 zaidi, na akina mama wamerudi na hisa zao tano.

Jumatano ijayo kuna hoja ya kuongeza faini ya wanaochelewa kikao. Nimemwomba mwenyekiti, kabla ya kura, wachelewaji wenyewe watueleze saa kumi hadi kumi na moja jioni huwa wanauza nini, na kwa nani.