Barua kwa mwanangu: gari lisiloshusha mzigo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi hapa Tanga hatujambo. Mama yako anasema umekonda kwenye picha. Filamu ya Nomadland uliyotutumia, ile ya mjane Fern anayeishi ndani ya vani, tumeitazama yote. Umeniuliza kwa nini Fern alikataa kitanda mara mbili, kwa dada yake Dolly na kule kwa akina Dave, rafiki yake wa safarini, akachagua kurudi kulala kwenye vani. Nimeliwaza swali lako, lakini mimi nilikwama kwingine, pale gereji.

Gari limekufa, fundi anamwambia matengenezo yatapita dola 2,000 na gari zima lina thamani ya kama dola 5,000, afadhali aachane nalo. Fundi yule alisema kweli. Mteja mwingine yeyote ningemwambia vivyo hivyo. Ila mteja mwingine huacha funguo, akapanda daladala, akaenda kulala kwake. Fern akiacha funguo ameacha kitanda, jiko, nguo na kile kisanduku cha uvuvi cha marehemu mumewe alichokigeuza kabati. Ikabidi aende kwa Dolly kuomba hela. Na mtu aliyekuja kukopa, kitanda cha wenyeji hakimlazi vizuri. Hilo ndilo nililonalo kuhusu swali lako. Kuhusu gari ninayo mengi zaidi.

Gari lililogeuka nyumba halishushi mzigo. Nilimwambia kaka yako na Hiace yake, nalirudia kwako. Lori hubeba, likashusha, springi zikapumua. Vani ya kuishi imebeba kitanda, makabati ya mbao, mtungi wa gesi, betri na maji usiku na mchana, mwaka mzima, na dumu moja tu la lita 20 ni kilo 20. Majani ya springi yanalala, bushi zinakwisha, shokomzoba zinavuja. Gia boksi ya otomatiki ndiyo inayoumia kimya kimya: mzigo ukipanda mlima, oili yake inachemka, wekundu unageuka kahawia na kunuka kuungua. Ukishaisikia harufu hiyo, sahani za klachi za ndani zimeshaanza kuliwa, na kumwaga oili mpya hakuzirudishi.

Kisha Fern anapata kazi, ghala la Amazon au mavuno ya viazisukari Nebraska, na gari lile lile linasimama wiki nzima nzima. Betri inaishiwa, tairi zinapata ubapa upande wa chini, panya wanatafuna waya. Kwa hiyo linachoka likitembea na linachoka likisimama.

Swankie nilimpenda sana. Yeye, Linda May na Bob Wells ni wasafiri wa kweli wa barabarani, wamejiigiza wenyewe. Fern alipopata pancha nyikani hana tairi la akiba, Swankie alimkemea, na alikuwa na haki. Tairi la akiba lipimwe upepo kila mwezi kama mengine, maana lile lililoning'inia chini ya gari miaka mitatu huwa tupu siku unayolihitaji. Jeki usiiweke juu ya mchanga, itazama. Tanguliza kipande cha ubao kinene. Nati zilegeze gurudumu likiwa bado chini, kaza kwa kukingamanisha, kisha baada ya kilomita 50 simama uzikaze tena.

Sasa utaniambia: Baba, basi heri nyumba. Ngoja kwanza. Fern alikuwa na nyumba, Empire kule Nevada, nyumba ya kampuni. Kiwanda cha jasi kilipofungwa mwaka 2011 wakazi wakaondoka, hata nambari ya posta 89405 ikafutwa. Sisi hatuhitaji kusimuliwa jambo hilo. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakafa moja baada ya jingine, likiwemo la babu yako. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yabaki singa, yaani nyuzi, na maji ya kambi yalivutwa kwa mtambo ule ule uliosafishia singa. Siku ulipozimwa, mabomba yakakauka, na hiyo ndiyo ikawa notisi.

Asubuhi ya kuhama, lori limeshapakiwa, bibi yako alichukua ufagio akafagia nyumba ile chumba kwa chumba, akapiga deki kizingiti kwa maji ya ndoo ya mwisho. Nyumba haikuwa yake na hakuna aliyekuwa anakuja kuishi pale. Babu akamwambia aache. Hakuacha. Ufagio ule unanichoma mpaka leo. Fern alipopita mwishoni kwenye vyumba vyake vitupu, mama yako aliniona nimegeuza uso.

Kwa hiyo siwezi kusema nyumba ni salama na gari ni balaa. Nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa sisi. Vani ya Fern angalau kadi ina jina lake. Lakini tena narudi pale pale: haishushi mzigo, na siku ikiingia gereji mwenye kadi analala wapi?

Mwisho wa barua umegusia kwamba kodi ya chumba Denver imepanda na kuna Econoline, ile vani ya Ford, inauzwa. Hilo hukuliuliza, umelipitisha tu. Jibu ninalo, liko mdomoni, na mama yako ameniomba nilifunge. Chumba chako hapa kipo, hilo nalisema tu ulijue.

Kabla sijafungua mdomo, nitumie picha. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Likipita miaka kumi usilikubali hata kama kashata zimejaa. Toa stiki ya oili ya gia boksi injini ikiwa ya moto na inanguruma, ifute kwenye kitambaa cheupe, upige picha kitambaa. Kisha fungua mfuniko wa injini. Kwenye gari hilo uko ndani, kati ya viti viwili, kwa hiyo ekzosi ikivuja, moshi unaingia unapolala, na ile gesi inayoua, kaboni monoksidi, haina harufu. Tazama kama kuna masizi meusi kwenye maungio ya bomba. Kengele ya gesi hiyo utainunua kabla ya godoro, na usiku dirisha liachie upana wa kidole, hata kwenye baridi ya huko.

Muuzaji akikataa usiingie chini ya gari kulitazama, usimpe hata senti. Nipigie, hata kama huku ni usiku.

Baba yako