Testi 64 zilipita Majengo, zikaniaibisha mlimani

Juzi kijana mmoja wa Sakina, Arusha, kanitumia ujumbe: "Kaka, kwangu testi zote kijani, mteja akisakinisha pakeji inakufa. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana huyo ni mimi wa mwaka juzi.

Nilikuwa nimeandika pakeji (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kwa lugha ya programu ya Python, ya kukokotoa malipo ya kahawa, kwa ajili ya chama cha msingi kimoja huku juu ya Moshi. Kilo, daraja, makato, basi. Testi 64, yaani vipande vya msimbo vya kuhakiki kwamba programu inafanya kazi sawa, zote nimeziandika usiku chumbani kwangu Majengo, mjini Moshi, zote zinapita, kijani tupu. Nikajiona fundi. Nikapanda mlimani na mvua ya masika, nikawapa wazee shikamoo, nikasakinisha mbele yao kwa mbwembwe. Katibu akaingiza kilo za mkulima wa kwanza. Skrini ikajaa maandishi mekundu: faili la madaraja halipo.

Faili lilikuwepo, ila Majengo. Ndani ya pakeji sikuwa nimelifungasha. Pytest, zana ya kuendesha testi, nilikuwa naiendesha humohumo kwenye folda ya msimbo, kwa hiyo Python ilijiokotea kila kitu palepale. Kile anachopokea mteja, testi zangu hazikuwahi kukiona hata siku moja! Mzee mmoja akaniambia taratibu, "Mwanangu, acha turudi kwenye daftari, watu wanasubiri." Angenifokea ingekuwa nafuu.

Dawa niliyoipata ni tox, zana ya kuendesha testi kwenye mazingira safi. Faili la tox.ini unaliandikia matoleo ya Python unayoyataka. Tox inajenga pakeji, inaisakinisha kwenye mazingira mapya, ndipo testi zinaanza. Na msimbo wako uhamishie kwenye folda ya src ili usiokotwe njiani. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo zilianguka testi 41. Sijawahi kufurahia wekundu namna ile.

Halafu funksheni saidizi. Ile ya kutengeneza mkulima wa majaribio nilikuwa nimeinakili kwenye mafaili tisa, ukibadilisha makato unazunguka kote tisa kama mgambo. Iweke kwenye faili la conftest.py kama fixture, yaani kitu ambacho pytest yenyewe inaziandalia testi, nayo itaiona bila wewe kuiita kwa import. Ila mimi kwa uroho wa kasi niliipa scope ya session, yaani mkulima mmoja anatumiwa na testi zote: testi moja ikamkata mkulima makato, ya pili ikamkuta keshakatwa. Nilipoteza wikiendi nzima. Iache kwenye scope yake ya kawaida, kila testi ipewe mkulima wake mpya.

Na saa! Hapa ikiwa saa saba usiku, seva inayofuata UTC (saa ya kimataifa, saa tatu nyuma yetu) bado iko saa nne usiku wa jana, ripoti inabeba tarehe ya jana. Kwenye tox.ini weka TZ=UTC, testi zifuate saa hiyo, uyaone hayo mapema.

Vijana wenzangu, tunapenda mno kijani. Tunapiga picha skrini, tunajisifu, na kumbe tumejipima kwenye kioo cha nyumbani. Acheni. Mazingira ya testi yasiazime chochote kwenye kompyuta yako, hata njia ya folda.

Msimu uliofuata nilimpigia katibu, nikamwambia toleo jipya liko tayari, limepimwa kwenye mazingira safi. Akanishukuru sana, akaulizia wazazi, akasema daftari linawatosha.