Madoa kwenye meno mapya

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 8. Tulihamia Kayole kutoka Nakuru akiwa na miaka 5. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe, lakini haya mapya ya mbele yameota na mistari ya kahawia. Mama mkwe anasema ni ya ukoo, jirani anasema hapigi mswaki. Namsugua kwa mkaa kila asubuhi lakini wapi. Mdogo wake ana miaka 2, naye naogopa. – Mama Brayo, Kayole, Nairobi

JIBU: Mama Brayo, acha mkaa leo hii. Unamkwangua enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na enameli ikiisha hairudi. Seli zinazoijenga, ameloblasti, hufa jino linapotokeza kwenye ufizi. Panya tunaowachunguza maabara hubaki nazo kwenye meno ya mbele maisha yao yote, sisi hatuna.

Je, ni ukoo? Zipo jeni, kama ile ya amelojenini, protini ya kujengea enameli, kwenye kromosomu X, ambazo zikiwa na kasoro enameli hutoka nyembamba au laini. Lakini hapo kwa kawaida hata meno ya utoto huathirika, na ya Brayo yalikuwa meupe. Enameli ya meno ya mbele ya kudumu hujengwa ndani ya taya tangu miezi michache baada ya kuzaliwa hadi miaka 4 au 5. Miaka hiyo mlikuwa Nakuru, na maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu enameli inayojengwa.

Ameloblasti humwaga protini kwanza, kisha vimeng'enya huzikatakata ziondoke, madini yajaze nafasi hadi asilimia 96 ya uzito wa enameli. Floraidi ikizidi, protini hukawia kutoka. Jino huota na vitundu, na vitundu hunyonya rangi. Jirani amemwonea mtoto. Mimi nilikulia Gilgil, huko huko Bonde la Ufa, nikafunika mdomo nikicheka hadi chuo kikuu, kwa hiyo neno hilo linaniuma.

Kwa mdogo wake, usitegemee kuchemsha: maji hupungua, floraidi hubaki. Visima virefu vya Nairobi navyo vingine huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, basi mwulize mwenye nyumba kama maji yalipimwa. Mboga zake usizitie magadi, nayo yana floraidi. Dawa ya meno, kiasi cha punje ya mchele.

Brayo mpeleke kliniki ya meno. Madoa mepesi huondolewa juu juu, mazito hufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Ukifika, taja miaka aliyokaa Nakuru kabla hujaulizwa kuhusu mswaki.