Bi Afya Anajibu: Gari la matangazo limepita, sisi tupite wapi?

Masika yamekaribia, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa mabondeni na wa barabarani, Dar es Salaam. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake nililingoja miaka mingi na halikuulizwa.

*Shikamoo Bi Afya. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kigogo, kule bondeni. Juzi gari la matangazo ya kipindupindu limepita mtaani kwetu: tuchemshe maji, tunawe mikono, na anayeharisha na kutapika awahishwe kituo cha afya. Hayo tunayajua. Mwaka juzi baba watoto aliharisha usiku, mvua inanyesha. Bodaboda wa kwanza alipoona anatapika akawasha pikipiki akaondoka. Wa pili akasema kote maji yamejaa. Tulifika alfajiri, na Mungu mkubwa, alipona. Sasa nauliza, wanaposema awahishwe, awahishwe kwa kupita wapi?*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na baba watoto mfikishie pole zangu.

Nimekuwa afisa afya miaka 32, nikastaafu 2016. Matangazo ya namna hiyo nimeyaandika kwa mkono wangu, mengi tu. Katika halmashauri mojawapo niliyofanyia kazi, sisi wa afya tulikaa chumba chetu tukaandika yetu, na wenzetu wa barabara chumba cha pili wana karatasi yao inayoonyesha wapi maji yamekata njia. Karatasi hizo mbili hazikuwahi kuwekwa meza moja. Gari likatoka na ya kwetu peke yake. Ndiyo maana swali lako limenichoma.

Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar, kikianzia Kinondoni, nilipangiwa kambi ya wagonjwa. Kitanda cha kambi ile ni cha turubai, kimetobolewa katikati, chini kuna ndoo yenye mistari ya vipimo. Muuguzi anasoma mstari, anajua mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na arudishiwe kiasi gani. Mvua zilipoanza aliletwa kijana juu ya mkokoteni, amesukumwa na wenzake wabeba mizigo. Nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama, hairudi. Macho yameingia ndani. Tulimtundikia dripu mikono yote miwili, na jioni alikuwa amekaa, anaomba chai. Lakini aliyemfikisha akiwa hai ni mwenzake mmoja aliyekuwa na chupa ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari, mfukoni, akimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kifuniko baada ya kifuniko, njia nzima.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwako: matibabu yanaanza nyumbani na yanaendelea njiani. Kipindupindu kinaua kwa kukausha maji mwilini, na mtu mzima aliyekuwa anatembea asubuhi anaweza kufariki siku hiyo hiyo. Weka pakiti za ORS ndani ya nyumba kabla ya mvua, nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, lakini soma pakiti yako. Zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visiwe na kilima. Mtu mzima anywe glasi nzima kila anapoharisha. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akitapika usiache, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Ukiona choo kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele, usingoje kuche. Ondokeni huku anakunywa.

Bodaboda nao tusiwatukane. Anaogopa, na pikipiki ni ya tajiri, kesho anadaiwa hesabu. Mbebee mgonjwa ndoo yenye kifuniko, mfunge khanga nzito kiunoni, na mwambie dereva kwamba kiti kitasafishwa mkifika. Jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inaua vijidudu hivyo juu ya kiti. Kipindupindu hakiruki hewani. Kinaingia kwa mdomo, kwa maji, chakula na mikono yenye kinyesi. Dereva akinawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, yuko salama. Zungumza na kijiwe cha bodaboda cha hapo kwenu sasa, wakati wote ni wazima. Mkubaliane nani atakayepigiwa simu usiku, na bei yake mkubaliane kabisa.

Sasa njia. Wewe wa Kigogo, ukielekea hospitali ya Amana lazima uuvuke Mto Msimbazi. Ukielekea hospitali ya Mwananyamala kwa barabara ya Kawawa unakutana na Mkwajuni, nako maji hujaa. Jangwani wote tunapajua: maji yakipanda, askari wanafunga barabara pale Magomeni Mapipa, mwendokasi yenyewe inasimama. Mto huo unashuka na maji ya Pugu na Kisarawe hadi baharini Salenda, kwa hiyo kwenu kunaweza kujaa hata siku ambayo mtaani hakujanyesha. Usibuni njia saa nane za usiku.

Nenda kwenye mkutano wa mtaa. Usiulize kama kuna kipindupindu, hilo watajibu kwa maneno ya gari la matangazo. Uliza hivi: wagonjwa wa kipindupindu wa kata yetu wametengewa kituo gani, maana huwa si kila kituo? Maji yakikata barabara hii, tupite wapi? Gari la wagonjwa linaombwa kwa namba ipi, na linaweza kufika mpaka wapi? Omba majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi, karatasi moja, yote matatu pamoja. Mwenyekiti akisema hayo ni ya watu wa barabara, mwambie ndiyo, na mgonjwa anapita barabarani. Na namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, iandike ukutani kwa mkaa.

*Bi Afya, mimi ni mzazi wa Mbagala. Kituo cha daladala ambapo wanangu walikuwa wanapandia kimehamishwa kwa ajili ya ujenzi. Hakuna aliyetutangazia. Kipya kiko ng'ambo ya barabara, karibu na mtaro ulio wazi, na makondakta wanawaacha wanafunzi. Nimezungushwa ofisi tatu.*

Umezungushwa kwa sababu kila ofisi ina kipande chake na hakuna aliyekuchorea. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaani, tangu 2017, ni za TARURA. Leseni ya daladala, njia yake na nauli ni LATRA. Stendi ziko chini ya halmashauri. Askari wa usalama barabarani anasimamia uvukaji na anamshika anayevunja sheria.

Kwa hiyo barua yako ni mbili, si moja. Ya kwanza, kwa mwenye barabara hiyo, idai kivuko cha watembea kwa miguu na kifuniko cha mtaro kwa kipindi chote cha ujenzi. Ya pili, LATRA, kuhusu kuachwa kwa wanafunzi, na humo usiandike "makondakta". Andika namba ya gari, njia, tarehe na saa. Mwanao anaijua nauli yake ya shilingi 200 na anajua gari lililomwacha. Mpe kalamu na kadaftari wiki moja. Namba tano za magari zina nguvu kuliko malalamiko ya mtaa mzima.

Zote mbili zipitishie kwa mtendaji wa mtaa. Chukua nakala mbili, na usitoke mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wengi tunaona aibu kuudai muhuri ule, tunaona kama tunamshuku mtu. Hapana. Barua isiyo na muhuri, ikipotea ofisini, ni kama hukuwahi kuiandika. Na wakati unangoja majibu, pangeni zamu wazazi wawili kila asubuhi kuwavusha watoto. Ninajua ni kazi ya ziada. Mtaro wazi uliojaa maji hauonekani tofauti na barabara, na mtoto wa darasa la pili unamzidi kimo.

*Mimi fundi wa gereji Tabata. Afisa afya wa kata amenipa siku saba niondoe matairi chakavu, anasema nazalisha mbu wa dengue. Mbu si wanatoka mtaroni? Naona ananionea.*

Hakuonei, mdogo wangu. Mbu wa mtaroni, kwenye maji machafu, wapo, na wanaeneza matende. Mbu wa dengue, Aedes, ni mwingine: ana madoadoa meupe miguuni, anapenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo, na anauma mchana. Wewe unalala chini ya gari mchana, miguu iko nje. Fikiria anaanza na nani. Jiji hili limepata mlipuko wa dengue 2014, likapata tena 2019.

Chukua tairi moja, ulimulike kwa tochi ya simu. Kwenye ukingo wa ndani, juu kidogo ya pale maji yalipofikia, utaona vidoa vyeusi vidogo kama masizi. Hayo yanaweza kuwa mayai. Ukimwaga maji peke yake hujafanya kitu, yanakaa makavu miezi mingi yakingoja mvua, na mvua ikija yanaanguliwa. Sugua kwa brashi ngumu. Matairi unayoyahitaji yapange chini ya paa au yafunike kwa turubai lililokazwa lisituamishe maji. Yale ya kuzungushia bustani au kuzuia udongo yatoboe kwa chini. Mengine yaondoke ndani ya siku zako saba.

Na fundi yeyote hapo akipata homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, anywe parasetamo na maji mengi, aende akapimwe. Asinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Kwenye dengue dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.

*Bi Afya shikamoo. Ni kondakta, njia ya Gongo la Mboto. Mvua ikinyesha abiria wanafunga vioo vyote, tunapumuliana hadi vinatoka jasho. Mimi nikisema wafungue natukanwa. Kuna ubaya kweli au nisumbukie mambo mengine? Na mimi mwenyewe nakohoa wiki ya tatu sasa, nadhani ni vumbi.*

Marahaba baba. Ubaya upo. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, na gari lililojaa na kufungwa kwenye foleni ya saa nzima ni mahali pazuri kwake. Vioo viwili vya mbele na viwili vya nyuma, vikiwa wazi upana wa vidole vitatu tu, hewa inapita na abiria hawalowi sana. Usiwaombe wafungue. Fungua mwenyewe kabla hawajapanda, mtu akikuta kiko wazi hana ugomvi nacho kama akikuta kinafunguliwa.

Lakini hilo la kioo ulilitanguliza, na la kifua chako ukaliweka mwishoni kama nyongeza. Wiki mbili za kukohoa zinatosha kupimwa, wewe umepitisha. Kesho kabla ya tripu ya kwanza mwambie dereva apate deiwaka wa kukushikia nafasi, uende kituo cha afya, useme umekohoa wiki tatu na unafanya kazi ndani ya gari. Watakupa kikopo cha makohozi. Kupima ni bure, na ikiwa ndiyo, dawa za miezi sita nazo ni bure, hata tajiri wako huna haja ya kumkopa. Ukipata majibu niandikie, yoyote yatakayokuwa.