Kwa mnaoanza kupima taka hatari zilizofukiwa kwa gari la rimoti

Vijana wangu, naona kila anayeingia hii kazi anakimbilia kujua kuendesha. Kuendesha mtajua tu, vidole vinazoea haraka. Kazi yenyewe ni kujua kama chombo kinakupa habari za ardhi ama habari zake chenyewe.

Magnetometa, yaani sensa inayopima sumaku, haichagui chuma. Pipa lililo chini na mota ya roboti yako kwake ni mamoja, ndo maana kule Idaho, Marekani, walikofukia mapipa ya taka za nyuklia kuanzia miaka ya 1950, gari la rimoti walilotengeneza miaka ya 1990 walilipunguza chuma kadiri walivyoweza. Wewe kama huna gari la hivyo isogeze sensa mbele kwa mti mrefu wa plastiki, umbali ukiwa mara mbili usumbufu wa chuma cha gari unashuka mpaka karibu moja ya nane. Lakini usiinyanyue juu sana, pipa nalo litafifia vilevile.

Kabla hujaanza tafuta kiwanja kisicho na kitu, zungusha roboti papo hapo, ielekeze kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, na kila mara usome namba. Zikirukaruka, hiyo si ardhi, ni gari lako.

Sisi wa Malindi tuna bahati ya mahali pa mazoezi. Nendeni upande wa Mambrui kwenye ule mchanga mweusi muone magnetometa inavyopagawa na chini hamna kitu, mchanga wenyewe una madini ya chuma (waambieni wenyeji kwanza, mtu akiona vijana wanafukia vitu ataita polisi na ana haki). Halafu mahali pengine safi fukieni sufuria na debe la bati. Debe litaonekana, sufuria kimya, ni aluminiamu hiyo, hapo mtaelewa kwa nini tunabeba na sensa ya sumaku-umeme inayoshika metali zote. Rada nayo, ile inayotuma mawimbi ya redio ardhini na kusikiliza yanayorudi, ishusheni ufukweni maji yakipwa, mchanga ukiwa bado umelowa maji ya chumvi, haitaona hata jerikeni mliyofukia wenyewe jana.

Kwa hiyo ramani ya rada ikija tupu naomba sana msiandike hakuna kitu, kuna mtu atakuja kuchimba pale akiamini karatasi yenu. Andikeni rada ilifika wapi na wapi haikufika, pale haikufika pawekeeni rangi yake, na mrudi na sensa nyingine kabla mtu hajashika sururu.